Zawena na Kisu cha Bi Kesho

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ukindu, nani ausuka?

Wausuka bibi watatu!

Na nani aukata?

Hatumtaji!

Vizuri, msimtaje. Na wewe unayevuta shuka la mwenzio, tulia. Cha kuogopesha bado hakijafika.

Hapo kale palikuwa na mjane, msuka mikeka, jina lake Zawena. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, wa miaka sita. Na Zawena alikuwa na adabu, adabu iliyomtoka yenyewe kama chafya. Akimwona mzee ana kitu mkononi, hata hajakitazama, kinywa kishasema, "Nikupokee, bibi."

Siku moja Kidawa akashikwa na homa. Siku ya kwanza akakataa uji. Siku ya pili akakataa maji. Siku ya tatu akakataa kufumbua macho. Zawena akaogopa, jamani, akaogopa hata vidole vikashindwa kushika ukindu.

Basi akaja mkunga aliyemzalisha, Bi Chausiku. Akamgusa mtoto, akasema, "Zawena, hii si homa ya dawa. Ukili wa mwanao umefika ncha. Nenda kwenye mkindu mkubwa, kwa wale bibi watatu. Mimi nitakaa naye. Wahi kabla jua halijatua."

Ukili mnaujua: ule msuko mrefu wa ukindu, ambao ukishonwa huwa mkeka. Kila mtu ana wake kwa wale bibi, na huo ndio siku zake. Bi Jana huchota maji kisimani na kuukandika mti kwa udongo mweupe, usioze. Bi Leo husuka. Bi Kesho hukata. Hata kaskazini ya mbali, kwenye theluji, watu huwasimulia. Huko huitwa Urdi, Verdandi na Skuldi, na husemwa kwamba huchonga alama kwenye mbao. Sisi twasema wanasuka. Vikongwe ni wale wale.

Na chini ya mizizi hukaa zimwi. Linatafuna mizizi mchana kutwa, na ukili ukikatwa, kipande huanguka shimoni mwake, nalo hula.

Zawena akaenda, akaenda, akaenda. Akafika. Mkindu ule kilele chake hakionekani, na kili za watu zimening'inia kila upande, nyekundu, manjano, nyeusi, zikicheza bila upepo.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba," wakaitikia watatu kwa sauti moja.

Bi Jana alikuwa amebeba mtungi. "Nikupokee, bibi," akasema Zawena.

"Pokea, mjukuu wangu." Akaupokea, akaumimina mtini.

Bi Leo alikuwa anasuka, mgongo umepinda. "Nikupokee, bibi."

"Pokea, mjukuu wangu." Akapokea, akasuka pima moja, akarudisha.

Bi Kesho alikuwa amejifunika ushungi hata uso hauonekani. Mkono mmoja tu ulikuwa nje, nao unatetemeka kwa uzee. Zawena hakutazama mkono umeshika nini.

"Nikupokee, bibi."

"Pokea, mjukuu wangu."

Akapokea. Kilikuwa kisu.

Chini ya mizizi zimwi likacheka hata udongo ukamwagika. "Kisu kimepokewa! Kisu kimepokewa! Kisu kimepokewa!"

"Bibi, nisamehe, sikujua! Chukua kisu chako!"

"Hakirudi," akasema Bi Kesho. "Aliyekipokea hakirudishi mpaka akate. Na akate kabla kivuli cha mkindu hakijafika kisimani."

Zawena akatazama. Kivuli kilikuwa kimebakiza hatua kumi.

"Nikate upi?"

"Zamu ya leo ni huu. Kivuli kikifika kisimani hujakata, utakatika wenyewe." Bi Kesho akamwonyesha ukili mfupi, mwekundu. Ulikuwa wa Kidawa. Alikuja kuomba usikatwe, na sasa mkataji ni yeye!

Zimwi likamnong'oneza kutoka shimoni, kwa sauti tamu. "Mama Kidawa, kwani ziko chache? Kata ule wa manjano. Ni wa Fumo, mtoto wa jirani yako. Nani atajua?"

Fumo! Asubuhi ile ile alikuwa amemsikia akicheka ng'ambo ya ua. Na mama yake Fumo ndiye aliyeleta uji ambao Kidawa aliukataa.

Kivuli kikabakiza hatua tano.

"Bibi, na wangu uko wapi?"

"Umekunjwa hapa, chini ya kanga yangu. Urefu wake huoni. Hata mimi siusemi."

"Sheria yasema nikate. Je, yasema nisiunge?"

Wale bibi watatu wakatazamana. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewauliza.

"Ukikidaka kipande kabla ya huyu wa shimoni," akasema Bi Kesho, "unga."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Zawena akaingiza mkono chini ya kanga, akapapasa ukili wake mwenyewe. Hakujua ameshika mwanzo wa siku zilizobaki, au katikati, au mwisho. Akafumba macho. Akakata.

Kipande kikaanguka. Mkono wa zimwi ukachomoka shimoni, kucha ndefu kama miiko, ukakishika. Zawena mkono mmoja una kisu, mwingine una ukili uliobaki. Basi akainama, akakidaka kwa meno! Zimwi likavuta. Zawena akavuta. Zimwi likavuta tena, na kipande kikakatika kati. Miaka mingapi ilikwenda shimoni? Hakuna ajuaye.

Kilichobaki mdomoni akakiunga kwenye ule mwekundu, akilia, vidole vikisuka upesi upesi. Fundo la mwisho lilipokazwa, kivuli kikagusa kisima.

"Lete kisu changu," akasema Bi Kesho, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Sasa umeijua kazi yangu."

Zawena akakimbia mpaka kwake. Akamkuta Kidawa ameketi, anamwambia Bi Chausiku, "Nataka uji."

Lakini hofu haikumtoka. Kila alfajiri Zawena aliamka akajishika kifua, asijue siku alizojiachia ni ngapi. Na kila alfajiri alimwambia binti yake, "Mwanangu, kupokea ni adabu. Lakini kwanza uliza unapokea nini."

Basi Kidawa akakua, akajua kusuka kumpita mama yake. Siku moja, mchana mweupe, wameketi barazani wanashona mkeka mmoja, mikono ya Zawena ikasimama.

"Nipokee, mwanangu."

Kidawa akauliza kama alivyofundishwa. "Napokea nini, mama?"

Zawena akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, hakuwa na hofu. "Mkeka tu, mwanangu. Mkeka tu."

Akaegemea ukuta, akafumba macho, asiyafumbue tena. Kidawa akapokea mkeka, akaushona mpaka mwisho, na ndio waliomlazia mama yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukili wake nimeufunga fundo. Nanyi mkipokea, ulizeni kwanza; na mkishapokea, msikate cha mwenzenu badala ya kilicho chenu.