Saa ya Dhahabu na Nazi Thelathini

Siku ya arusi, shemeji yangu Zuwena aliniomba nimsaidie kukuna nazi. Mimi, mjuzi wa saa, nikamwonyesha yangu mkononi.

“Shemeji, hii ni dhahabu ya kale. Haina betri, hujijaza kwa mtikisiko wa mkono wa bwana.”

“Mbona imesimama?”

Kweli, ilikuwa imesimama. Akanivua saa, akaifuta kwa kanga yake, akanivisha tena.

“Mkono wa bwana hauna kazi, shemeji. Kaa kwenye mbuzi, ukune.”

Nikakuna nazi moja, nikatega sikio: tik, tik! Nikakuna thelathini, huku nikijisifu kwa wapishi.

Kesho yake ikasimama tena, nikampelekea fundi saa, naye akacheka. “Hii ni ya kutia ufunguo, mzee. Unazungusha kitufe hiki cha ubavuni.”

Nikavikumbuka vidole vya Zuwena ndani ya kanga. Nikamwendea.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia, shemeji, nazi angekuna nani?”