Nani Aliliwasha Gari Lililompeleka Elika?

Mungu anisamehe, na ninyi pia mnisamehe. Dada yangu Elika alipokuwa akikata roho baada ya kujifungua, aliniuliza, "Kaka, nani aliliwasha gari?" Nikamjibu, "Mimi." Ni tamaa tu ya kusifiwa. Akasema, "Basi mtoto akae kwa aliyeliwasha. Baba yake ameshatangulia." Hakusema tena.

Kweli ni kwamba mimi niligeuza ufunguo tu. Walioliwasha ni watatu. Wasikilizeni.

Huku kwetu Makete baridi hugandisha umande, na gari la usharika ni la petroli, la zamani. Petroli ikipoa sana haigeuki mvuke upesi, na moto unakosa cha kushika. Kwa hiyo waliolitengeneza waliliwekea nozeli ya ziada, ya kurushia injini petroli ya nyongeza wakati wa kuliwasha likiwa la baridi. Ina swichi yake inayohisi baridi. Swichi huifungua nozeli, na baada ya sekunde chache huifunga, injini isije ikalewa petroli.

Alfajiri ile mkunga alitoka chumbani kwa Elika akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Hospitali, sasa hivi."

Mzee Yeremia, mlinzi wa kanisa, kipaji chake ni kutunza. Kila jioni huifungua betri ya gari na kuibeba hadi chumbani kwake, isiishiwe nguvu kwa baridi. Watu humtania, "Mzee, umeoa betri?" Naye hujibu, "Angalau hii hainigombezi." Aliileta mbio, akaifunga. Starta ikazunguka kwa nguvu kweli, lakini gari likagoma.

Nebati, fundi, kipaji chake ni sikio. "Acha, acha! Utaimaliza betri. Nozeli ya baridi iko kimya." Akapapasa, akapima. Nozeli nzima, swichi ndiyo imekufa. Akavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye nozeli. "Sasa mtu ndiye atakuwa swichi. Akizidisha, plagi zinalowa, hatutoki hapa. Mimi vidole vimekufa ganzi, sijiamini."

"Nipe," akasema Leonia, mwalimu wa kwaya. Yeye kipaji chake ni kupima muda. Hata mchungaji akirefusha amina, Leonia anajua amezidisha wapi. "Kaka, washa!" Nikageuza ufunguo. Akagusisha waya, akaimba nusu mstari kwa sauti ya chini, akauachia. Injini ikakohoa, ikashika.

Tulifika. Mtoto alipona. Damu ya dada haikuacha kutoka.

Baada ya maziko nilisimama mbele ya usharika nikaungama uongo wangu. Jioni wale watatu wakaja kwangu.

"Bila betri yangu, Nebati, ungesikiliza nini?" akaanza Mzee Yeremia. "Nami tangu mke wangu afariki, nyumba imekuwa pango. Nipeni mtoto."

"Shikamoo yako naitoa, Mzee, lakini betri ilizungusha chuma tu," akasema Nebati. "Mimi ndiye niliyejua gari linaumwa nini. Na nilimzika mwanangu mwaka jana. Kitanda chake bado kimetandikwa."

Leonia alikuwa akitazama mikono yake. "Ningechelewa kuuachia ule waya, tungezika wawili. Sijawahi kuitwa mama, jamani. Hata mara moja."

"Tusimgombanie kama kuku wa mnada wa sadaka," akasema Mzee Yeremia. Hakuna aliyecheka. Mtoto akalia chumbani, na wote watatu wakainuka kwa pamoja, kisha kila mmoja akaona haya, akakaa.

Tangu hapo analelewa kwangu, mtoto niliyempata kwa uongo, na kila nikimbeba naona ninaiba.

Je, wewe ungeamua vipi? Nakuomba unitajie mmoja tu, nimpeleke kwake.