Shebughe Apandishwa Gari la Taka

Shebughe, mvivu asiyeuonea haya uvivu wake, alitupa maganda ya muwa sokoni. Mgambo wa halmashauri akamdaka mkono.

"Lipa faini!"

"Afande, hata mke wangu huniita takataka. Takataka hutozwaje faini?"

Soko zima likaangua kicheko. Mgambo akafura kwa hasira.

"Basi utapanda gari la taka, ukamwagwe dampo na wenzako!"

"Nihurumie, afande! Wakwe zangu wataniona!" alilia Shebughe, huku akirushwa juu ya uchafu.

Kule dampo, nje kabisa ya mji, alijipangusa, akavuka barabara, akabisha hodi kwake.

"Umerudije bila nauli?" mkewe akashangaa.

"Nimeletwa na gari la serikali," akajibu, akichomoa ganda la ndizi shingoni.