Matanga ya Kidoti Kisimani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majirani, mikeka na vinyongo kama sisi, ukame uliikumba nchi kikabaki kisima kimoja tu. Bwana Nyati akakikalia.

"Maji ni ya wenye pembe," akasema, na Fisi akawekwa kuwa mlinzi. Fisi mwenyewe hakuwa na pembe hata ya kuvutia ugoro, lakini cheo ni cheo.

Kidoti, mtoto wa pekee wa Bi Pimbi, alimwona mama yake midomo imempasuka kwa kiu. Akachukua kibuyu, akanyata mpaka kisimani. Nyati akageuka. Kwato moja tu, tifu. Kibuyu kilipona. Mtoto hakupona.

Bi Pimbi alikikumbatia kibuyu, hakulia. Maji ya kulilia angeyatoa wapi?

Nungunungu akamjia kwa hasira, miiba ikigongana kecha, kecha. "Shoga yangu, sema neno tu. Namfukia miiba njiani, akanyage, aoze miguu."

"Halafu wanawe waje kutukanyaga sisi? Nina msiba mmoja, umenitosha. Niazime mkeka."

"Mkeka wa nini tena?"

"Na uwaite wadogo wote. Waje na vibuyu. Mwenye miiba ailaze."

Sasa ijueni mila ya nchi ile. Matanga hukaliwa pale marehemu alipokata roho. Msiba haupitwi bila kuketi. Na msibani hanyimwi mtu maji, hata awe adui. Aliyeivunja mila hiyo, siku yake ikifika, hazikwi na mtu. Na Nyati, kwa tumbo lile, alihitaji wachimbaji wengi.

Wakaenda, wakatandika mkeka ukingoni mwa kisima, kando ya alama ya kwato.

"Nyie, hapa hapakaliwi," Fisi akafoka.

"Ni matanga, mwanangu. Karibu."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kuna chakula?"

"Uji wa mizizi. Mwepesi."

Fisi akaketi. Akalia kuwapita wafiwa wote, kisha akauliza nani amekufa, maana siku ile alikuwa amelala lindoni.

Mara tindi, tindi, ardhi ikatikisika. Nyati huyo, anatoka malishoni. Akaupiga mkeka teke, ukapaa. Bi Pimbi akaufuata, akaukung'uta vumbi, akautandika palepale. Nyati akaupiga tena. Akautandika tena. Wadogo, walioketi chini kuuzunguka, hawakunyanyuka. Nungunungu alilaza miiba mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe utachoka lini?" Nyati akauliza, anahema.

"Nimefiwa, ndugu yangu. Kuna kuchoka kuliko huku?" Bi Pimbi akapangusa nafasi mkekani. "Keti. Jua kali, na umetoka mbali." Akachota maji kwa kibuyu cha Kidoti, akampa yeye kwanza.

Nyati akawatazama wale wadogo waliomzunguka. Akawaza nani atamchimbia kaburi. Akaketi, magoti yakimlia. Akanywa.

"Poleni," akasema chini chini. "Marehemu alikuwa nani?"

"Kidoti. Hicho unachonywea ni kibuyu chake."

Nyati akakitazama kibuyu. Kilikuwa kidogo, kimeviringwa uzi shingoni. Akakirudisha mkekani polepole.

Nungunungu akachota. Digidigi jike akachota. Panya wakachota. Nani angewazuia? Msibani hanyimwi mtu maji, na mwenye pembe mwenyewe alikuwa ameketi, amekwisha kunywa.

Jua lilipoanza kupoa, Nyati akauliza, sauti imemnywea: "Mama, matanga haya mtayaanua lini?"

Bi Pimbi akaweka kiganja juu ya alama ya kwato. Kiganja chote kiliingia, na nafasi ikabaki.

"Siku Kidoti atakaporudi na maji yangu."

Na mkeka ule haukukunjwa. Ulichakaa, ukashonwa, ukachakaa tena, na wadogo wakanywa miaka yote. Bi Pimbi naye alikunywa, kama wenzake. Ila yeye, wanangu, kiu yake haikukatika.

Anayekanyaga ana nguvu, lakini hamuwezi anayetandika tena na kumkaribisha aketi.