Supu Moja ya Palermo

Tarehe tisa Mei, saa saba mchana, njaa yetu ilikoma mjini Palermo, Italia. Marehemu mume wangu, Shekiondo, aliagiza supu moja ya kula wawili, maana ndiyo tuliyoimudu.

Mwenye mkahawa, mtu mkarimu sana, alitazama viatu vyetu. "Supu ni ya wagonjwa."

Ilipoletwa, mume wangu akaionja. "Tamu, bwana mkubwa. Ila ya mahasimu wenu wa mji wa Katania imeizidi kidogo."

Mwenye mkahawa akanuna, akaleta tambi za dagaa. "Onja hizi bure."

"Nzuri. Katania nao wanajitahidi."

Wakafuata samaki, biringanya na keki ya jibini. Tuliposhiba, mume wangu akakiri kwamba Katania si kitu.

Nje nikamuuliza, "Baba Zaina, Katania ulifika lini?"

"Sijafika. Nimeliona jina kwenye basi."

Mola amrehemu, amlishe huko asichohitaji kukilinganisha. Amina.