Nani Apewe Meza ya Bibi Anansia

Haya, sogeeni. Aliye na haraka ya kujibu aushike ulimi wake kwanza, maana hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na sijawahi kuondoka bila watu kugombana.

Palikuwa na wanawake watatu katika nyumba moja huko Uchagani, mlimani, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Haikaeli, binti wa nyumba, alikuwa na mkono wa sindano. Kandida, mke wa Kundaeli, mtoto wa kiume wa kwanza, alikuwa na mkono wa udongo. Hata kijiti kikavu akikichomeka kinaota. Tumpe, mke wa kitinda mimba, alitoka Tukuyu na alikuwa mgeni kabisa, bibi harusi wa miezi minne. Yeye mkono wake ulijua kusuka na kufunga.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Anansia, mama yao wote. Alikuwa na meza ya mbao za mringaringa aliyochongewa na baba yake alipoolewa, watu kumi na wawili wanaikalia bila kusukumana. Ilipo meza hiyo ndipo ukoo ulipokula Krismasi. Lakini kwa miaka tisa Bibi Anansia mwenyewe hakuikalia siku hiyo. Alikula amesimama, akipeleka sahani huku na huku, kwa sababu mume wake alikula sebuleni na mwanawe Kundaeli alikula jikoni, nyumba ya nyuma.

Kisa ni mibuni. Mumewe, Mzee Ndelilio, alipokuwa amelazwa hospitali, Kundaeli aliing'oa mibuni yote ya babu yake pale kihambani, kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, akapanda nyanya. Alidhani anawasaidia. Nyanya hazikumaliza misimu miwili. Mzee aliporudi akaona mashimo, alisema neno moja tu, kwamba hatakula tena meza moja na mtu huyo. Na Mzee Ndelilio akisema, amesema.

Krismasi ya mwaka wa tisa ilipopita hivyo hivyo, Bibi Anansia alichoka. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa hamfichi. Akawaita Haikaeli na Kandida.

"Mwaka ujao ipambeni nyinyi hii meza," akawaambia. "Msinunue kitu. Tumieni vya nyumbani. Atakayeifanya meza hii iwaketishe watu wangu wote, ndiye nitakayemwachia. Nikiondoka, Krismasi italiwa kwake."

Tumpe alipoletwa nyumbani mwezi wa nane, naye akaambiwa habari ya meza. Habari ya mibuni hakuambiwa. Nani humsimulia bibi harusi aibu ya nyumba?

Haikaeli akakaa mwaka mzima na sindano. Aliomba nguo kuukuu ya kila mtu, hata za waliokwisha kufa, akakata vipande, akaviunga kuwa kitambaa cha meza. Katikati kabisa aliweka mfuko wa koti la kaki ambalo baba yake alichumia buni, na ubavuni mwake akashona shati la shule la Kundaeli, lile lenye kiraka alichokitia baba mwenyewe mama alipokuwa mgonjwa. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kuchomwa na sindano hata vikawa haviingii vizuri kwenye pete.

Kandida hakushona kitu. Siku ile mibuni ilipoangushwa, alikuwa ameinama nyuma ya mume wake akiokota buni zilizoiva, akazifunga kwenye kanga. Alizipanda kwa kaka yake huko Karatu, na mume wake hakujua. Kwa miaka tisa kila alipokwenda kusalimia, alikuwa anakwenda kupalilia. Krismasi hiyo alikuja na matawi yenye buni nyekundu, akayapanga ndani ya kibuyu kilichopasuka mdomo, akakiweka mbele ya sahani ya mkwe wake.

Tumpe alikusanya magome makavu ya migomba, akayasuka kuwa vitanga vya kuwekea sahani, vizuri hata kuku wa jirani walifukuzwa ili wasivikanyage. Kisha akavikunja vitambaa vya mikono, kila kimoja akakifunga kwa kamba ya mgomba. Vikabaki viwili, kamba zikamwishia. Akatoka hadi penye uzio, akaona majani marefu ya kijani yanayopendeza, akakata mawili, akavifunga nayo vitambaa hivyo, kila kimoja jani moja na fundo moja. Kwa kuwa hivyo viwili vilikuwa vizuri kuliko vingine, akaviweka vichwani mwa meza, kimoja kwa mzee na kimoja mkabala naye. Kwao Tukuyu, alisema, hapo hukaa mtoto wa kiume wa kwanza.

Sasa, majani yale yalikuwa masale. Mchaga akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, anakuomba msamaha. Na ukishaletewa huruhusiwi kukataa, hata kama amekuulia ng'ombe.

Walipotoka kanisani, Mzee Ndelilio akaketi. Kundaeli akapita nje kuelekea jikoni kama kawaida yake.

"Kunda," Haikaeli akamwita dirishani, "njoo uone shati lako."

Akachungulia mlangoni. Akaliona shati, akaona limeungwa na koti la baba yake. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, mkono umegusa kile kiraka.

Mzee akainuka. Akachukua fimbo yake, na Bibi Anansia akaweka sahani chini, maana aliijua namna ile ya kuinuka. Ndipo macho ya mzee yakaangukia kibuyu. Akachuma buni moja, akaipasua kwa kucha, akainusa.

"Hizi za wapi?"

Kandida akapiga magoti. "Ni za mibuni ya babu, baba. Niliziokota siku ile."

Mzee akaketi tena. Lakini kuketi si kula. Kundaeli naye akakaa kwenye kiti pekee kilichobaki, kule mwisho, na hakuna aliyegusa kijiko huku mtori wa ndizi ukipoa. Bibi Anansia alisema baadaye kwamba miaka tisa yote haikumchosha kama dakika zile.

Mzee akachukua kitambaa afute mikono. Akaona jani. Akaona fundo. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kule mwisho Kundaeli naye alikuwa ameshika jani lake, anamtazama baba yake.

"Nimepokea," mzee akasema.

"Nami nimepokea, baba."

Mzee akakata kipande cha kwanza cha ndafu, yule mbuzi aliyeokwa mzima, akazunguka meza, akampelekea mwanawe kwa mkono wake. Bibi Anansia akaleta kiti cha jikoni, akakaa mezani. Alilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni mume wake akamwambia, "Mama Haika, sikudhani kijana ana moyo wa kuniletea sale."

Baadaye kidogo, zizini, Kundaeli akamwambia, "Mama, baba mzima kanishushia sale mimi, mtoto. Ningekuwa nani nikatae?"

Na walipokuwa wakiosha vyombo, Tumpe akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe. Kamba ziliniishia nikakata majani mawili pale uzioni. Naona watu waliyaangalia sana. Nimekosea?"

Bibi Anansia akamwambia hapana, mwanangu, na usimwambie mtu mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakusema mgeni huyo alipwe nini.

Mwaka mpya ulipokaribia, ukoo ukangoja neno lake. Haikaeli akasema, "Mama, bila kitambaa changu Kunda asingeingia." Kandida akasema, "Bila buni zangu baba asingekaa. Na mimi sikusubiri kuahidiwa meza." Tumpe hakudai kitu.

Basi niambieni nyie mliokaa hapo. Haikaeli alimwingiza mwana, akikusudia, kwa kazi ya mwaka. Kandida alimzuia baba asitoke, kwa kazi ya miaka tisa, tena aliyomficha mume wake. Tumpe aliwapatanisha bila kujua, kwa majani mawili. Akimpa mmojawapo wa wale wawili, mama amemdhulumu aliyewafungua midomo. Akimpa Tumpe, wataulizana kwa nini, na baba na mwana watajua kwamba hakuna kati yao aliyemwomba mwenzake msamaha.

Ingekuwa ni wewe umesimama mbele ya meza ile, na wote wanakutazama, ungemtaja nani? Na wakikuuliza sababu, ungewajibu nini?