Mkato wa Bwana Mkato

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Si kwamba wembe wake ni butu. Kisogo chake mwenyewe hakioni. Ndivyo yalivyomkuta mjumbe mkuu wa serikali, ambaye wenzake walimbandika jina la Bwana Mkato kwa kuwa aliweza kubishania alama moja ya mkato mpaka watu wakasinzia.

Bwana Mkato aliongoza mazungumzo ya kuunganisha nchi mbili jirani. Mkataba wa muungano huo ungekuwa na nguvu kuliko katiba zote mbili, na ulijadiliwa milango imefungwa. Siku chache kabla ya kutiwa saini, kamati ya Bunge ikamwita aje na rasimu. Alipandwa na mori! Alinyoa ndevu harakaharaka kwa hasira, akaingia ukumbini na plasta kidevuni.

"Umejinyoa mwenyewe?" mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoteremka puani, alimtania. Wabunge wakaangua kicheko.

"Mheshimiwa, rasimu hii tumeipitia mara chungu nzima," alijibu kwa ukali. "Mkianza kuichokonoa leo, wenzetu watajitoa."

"Mmeipitia nyinyi mlioiandika. Hebu tusomee ibara ya kura, polepole, kama unamsomea mama yako."

Bwana Mkato akakohoa, akasoma: "Haki ya kupiga kura ni ya kila raia anayeishi ndani ya mipaka ya nchi yake."

Akairudia ibara hiyo kwa macho, neno kwa neno. Mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya mpaka, kwa binti yake, akimlelea watoto. Kila uchaguzi ajuza huyo alivuka alfajiri, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la nguo, kuja kupiga kura kwao.

"Mbona unairudia?" mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa, nimemfuta mama yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kamati iliagiza ibara irekebishwe, na rasimu nzima isomwe hadharani kabla ya saini. Bwana Mkato alirudi kwenye meza ya mazungumzo roho mkononi, akihofia kazi yake yote itakwenda na maji. Kumbe wajumbe wa nchi jirani nao walikuwa na ndugu chungu nzima waliohamia huku! Walikubali mara moja, wakaipeleka rasimu kwenye bunge lao pia.

Siku wananchi walipoupigia mkataba kura, mama alivuka kama kawaida yake. Alipotoka kituoni, mwanawe alimpokea kwa furaha isiyo kifani.

"Mama, umeukubali mkataba wangu?"

"Kura ndiyo siri, baba, si mkataba," mama alimjibu, akimshika kidevu. "Na hili kovu, nani kakukata?"

"Nilijikata mwenyewe, mama."

Naam, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.